Ini la Mtu Asiyekunywa

Mjomba wangu alikuwa fundi wa kuziba vitu vya plastiki. Ndoo iliyopasuka kitako, beseni lililotoboka, dumu lililoachia mshono, kiti kilichovunjika mguu kwa sababu ya mgeni mnene: vyote vilipelekwa kwake vikarudi vinafaa. Mtaani walimwita Kiraka, naye akaitika mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki mdomoni mwa mama yangu tu, ambaye ni dada yake mkubwa, na hata yeye alilitumia akiwa na hasira.

Kibanda chake kilikuwa kimebanwa kati ya duka la vipuri vya baiskeli na ukuta wa shule ya msingi. Ndani mlikuwa na jiko la makaa, vyuma bapa vitatu vyenye mipini ya mbao, na rundo la plastiki mbovu lililofika karibu na dari. Mgeni angeona takataka. Mjomba aliona ukoo baada ya ukoo. Huku mabeseni, huku madumu, huku viti, huku vifuniko visivyo na kwao.

"Beseni halioani na dumu," alinieleza nilipokuwa mdogo. "Ukilazimisha ndoa hiyo, wataachana kabla mwenye mali hajafika nyumbani."

Kwa hiyo alitafuta kwanza kipande cha ukoo uleule. Akachomeka chuma kwenye makaa mpaka kikaiva, akakipitisha taratibu kwenye midomo ya ufa na kwenye kiraka kwa pamoja, vyote vikalegea na kutoa moshi mweupe mzito, kisha akavibana na kusawazisha kwa kitambaa kibichi. Tsss. Akapuliza, akagonga kwa kidole, akasikiliza. Kazi ikiwa nzuri alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari njema ya jirani. Vipande vidogo visivyofaa hata kwa kiraka havikutupwa. Ndivyo alivyowashia jiko asubuhi, maana vinashika moto upesi kuliko mafuta ya taa.

Harufu ya kazi ile haikumtoka. Ilimkalia kwenye nywele, kwenye shati, hata kwenye noti alizotugawia sikukuu. Ukiingia nyumbani ukasikia harufu ya ndoo iliyoungua, ulijua Mjomba yupo.

Mkewe sisi watoto wa ukoo tulimwita Mama Mdogo. Kiukoo hakuwa mama mdogo wa yeyote kati yetu, ila alikuwa mdogo kweli kwa umbo, mfupi, mwembamba, mwepesi kama unyoya, na jina likamkaa. Yeye alimwita mumewe Fundi, kama mteja. Mume alimwita Bibie. Kila mchana Mama Mdogo alikwenda kibandani na chakula cha moto kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, akaliweka kando ya jiko lisipoe, kisha akakaa mlangoni juu ya kigoda na shughuli ya mikononi: kuchambua mchele, kushona kifungo, kumenya maharage. Midomo nayo haikukaa bure. Alimsimulia mumewe mtaa mzima, nani kahama, nani kagombana, nani kanunua kabati lisilopita mlangoni. Mjomba aliunga kiti, akisema "enhe" kila mahali palipohitaji "enhe". Waliishi hivyo miaka mingi, na sijawahi kuwaona wakichokana.

Sasa kuhusu pombe. Mjomba hakunywa, na hakuwa mtu wa kujisifia jambo hilo. Ujanani, siku aliyopata kazi yake ya kwanza, wenzake walimpa glasi ya kumkaribisha. Akaimaliza kwa adabu, akasimama kushukuru, akatapikia viatu vya bosi. Kazi ikaishia hapo, na kunywa kukaishia hapo. Ilikuwa hadithi yake pekee ya pombe na alipenda kuisimulia.

Ugonjwa ulimjia kimyakimya. Alianza kukaa chini kati ya kiti kimoja na kingine, yeye ambaye alizoea kufanya kazi amesimama huku anaimba puani. Akasema chini ya mbavu za kulia pana uzito, kama mtu kamwekea tofali. Chakula akawa anakirudisha nusu. Mama Mdogo alipomwambia aende hospitali, alijibu kwamba hospitali ni ya wagonjwa. Basi Mama Mdogo akaja siku moja ameshika tumbo lake mwenyewe, amekunja uso, akaomba asindikizwe. Mjomba akaacha chuma kwenye makaa, akamshika mkono mpaka zahanati, njia nzima akimpa pole. Walipoingia chumba cha daktari, Mama Mdogo akanyooka, akamsukuma mumewe kwenye kiti.

"Mgonjwa ni huyu," akasema.

Daktari alikuwa kijana mpole aliyechoka. Akampima damu, akampaka mafuta baridi tumboni, akapitisha kile kidude cha kutazamia ndani. Waliporudi kuchukua majibu aliyatazama kwa muda.

"Mzee, ini lako limejaa mafuta. Na damu inaonyesha limekasirika."

"Limekasirishwa na nani?"

"Hilo ndilo nataka tuzungumze." Akamgeukia Mama Mdogo. "Mama, naomba utusubiri nje kidogo."

Yaliyosemwa humo ndani tuliyapata baadaye kwa Mjomba mwenyewe, akiigiza sauti zote mbili.

"Mzee, tumebaki wanaume peke yetu. Unakunywa kiasi gani?"

"Chai?"

"Pombe."

"Sinywi."

"Hata kidogo? Labda mwisho wa wiki?"

"Daktari, wiki yangu haina mwisho. Hata Jumapili nafungua."

Kijana akatabasamu kama mtu aliyewasikia wengi wakisema hivyo, akamwandikia dawa, akamshauri apunguze.

Kumbe nje, kwenye benchi, mambo yalikuwa yameharibika. Mama Mdogo alijiuliza ni jambo gani hilo la mumewe asilopaswa kulisikia. Mjomba alipotoka akamweleza ukweli wote: daktari amedhani nakunywa, nimemwambia sinywi. Mama Mdogo akasema "sawa". Kisha akanyamaza mpaka nyumbani. Kwa mwanamke yule, kunyamaza njia nzima ni sawa na mwingine kupiga mayowe.

Wiki ile akaanza kunusa. Alinusa vikombe, mito, makoti. Tabu yake ni kwamba kila kitu cha Mjomba kilinuka plastiki, ungeweza kumwaga pipa zima la pombe humo lisisikike. Akaanza kutokea kibandani asubuhi, saa ambayo si yake. Siku moja Mjomba akamkuta ameinama ndani ya rundo la mabeseni, amezama mpaka mabegani.

"Bibie, unatafuta nini?"

"Sufuria yangu."

"Sufuria yako imeingiaje kwenye ukoo wa mabeseni?"

Mama Mdogo akatoka, akajipangusa vumbi, akakaa kwenye kigoda chake. "Fundi, kama unakunywa niambie tu. Sitakuacha. Nitakuuguza, nitakupikia, nitakaa na wewe. Ila usinifiche. Kufichwa ndiko kunakonikata maini."

Mjomba akaweka chuma chini. "Tangu tuoane, imepita saa hujui niko wapi? Mchana uko hapa. Usiku uko pale. Ningekunywa saa ngapi?"

Mama Mdogo akafikiri kwa makini. "Saa ya kuoga."

Wakatazamana, wakaanza kucheka, na muuza vipuri vya baiskeli akachungulia kujua kuna nini. Hapo ndipo mtaa ulipojua. Kabla ya jua kuzama, Kiraka alikuwa mlevi wa siri mwenye ini bovu, na watu waliomjua tangu wakivaa kaptula wakawa wanasema walishangaa siku nyingi kwa nini macho yake ni mekundu. Aliyefurahi zaidi ni kaka yake Mama Mdogo, ambaye tulimwita Kopo kwa sababu tulizozijua wote. Huyu alikunywa hadharani, bila haya, tangu utotoni. Akaja na machungwa kumtazama mgonjwa.

"Shemeji, nimekuja kukupa pole," akasema, akijishusha kwenye kiti. "Na pia kukukaribisha. Miaka yote hii nilidhani niko peke yangu."

"Mimi sinywi, Kopo."

"Hata mimi siku za mwanzo nilisema hivyo." Akamenya chungwa. "Juzi kazini walitupima wote. Langu mimi ini wamesema ni safi kabisa. Labda shemeji hujui kuchagua vinywaji."

Baadaye Mjomba aliniambia kwamba siku ile ndiyo aliyoamini kuwa haki ya dunia hii hugawiwa gizani.

Mama yangu hakucheka. Aliposikia mdogo wake anaitwa mlevi alivaa viatu vya safari, akaja kwangu na kunipa amri: nichukue likizo siku moja, niwapeleke Mjomba na mkewe hospitali kubwa, kwa daktari wa maini hasa, na nisirudi bila maelezo yanayoeleweka. Nikafanya hivyo.

Daktari wa maini alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Mjomba alipopita mlangoni, akainua pua.

"Kabla hujakaa," akasema, "unafanya kazi gani?"

Mjomba akanitazama, kama aliyeulizwa swali la mtu mwingine. Daktari yule wa kwanza hakumuuliza hilo. Akaanza kueleza, na kama kawaida yake akizungumzia kazi, akasahau yuko wapi. Akaeleza habari za koo za plastiki, chuma kinavyoiva, moshi unavyobadilika ukikaribia kuunguza. Akaeleza anavyowasha jiko. Mama Mdogo akaongeza habari za chakula, kopo kando ya jiko. Daktari aliandika huku anasikiliza, akaangalia vipimo vya zamani, akampima upya, akamwuliza habari za mwili wote. Kisha akavua miwani.

"Mzee, watu wengi sana siku hizi wana mafuta kwenye ini na hawajawahi kuonja pombe. Nakuamini."

Mama Mdogo akamshika mumewe goti. Alilishika kwa muda mrefu.

"Nitawaeleza jambo moja, na mnisikilize mpaka mwisho, maana mwisho wake ni muhimu kama mwanzo. Mwilini mna wajumbe, tunawaita homoni. Mmoja anakwenda kwa ini anasema, leo kuna ziada, weka akiba. Mwingine anasema, kuna njaa, toa akiba. Ini linatii. Ndivyo tunavyoishi. Sasa, kwenye plastiki nyingi kuna kemikali zilizochanganywa humo ili iwe laini, au ngumu, au isishike moto upesi. Baadhi ya kemikali hizo zinafanana na hao wajumbe, au zinawazuia njiani. Plastiki ikipata joto zinatoka. Unazivuta na moshi, unazila na chakula cha moto, nyingine zinapita kwenye ngozi. Na zikifika kwa ini zinaweza kubisha hodi kwa sauti ya mjumbe halali. Ini halina macho. Likisikia weka akiba, linaweka, na akiba yake ni mafuta."

"Matapeli," akasema Mjomba.

"Tuseme hivyo."

"Basi ni moshi."

"Sijasema hivyo." Akainua kidole. "Hapa ndipo mwisho wangu. Wanyama waliopewa kemikali hizi wameonekana kupata mafuta kwenye ini. Na watu waliopimwa wakakutwa nazo nyingi mwilini wameonekana kuwa na tatizo hili mara nyingi kuliko wengine. Lakini wewe ni mtu mmoja, umekaa mbele yangu, na una tumbo. Chai unaweka sukari?"

Mjomba akatazama dirisha.

"Anaweka mpaka kijiko kinasimama chenyewe," akasema Mama Mdogo.

"Haya. Kuna tumbo, kuna sukari, kuna kutotembea, kuna moshi, kuna na kopo la chakula. Siwezi kukuonyesha mmoja nikasema ndiye huyu. Lakini nyumba ikiwa na wageni watano na kitu kikapotea, simwachi hata mmoja bila kumuuliza. Punguza sukari, tembea kila siku, acha kuvuta huo moshi. Jiko usiwashie plastiki kamwe. Na chakula cha moto kisikae kwenye plastiki."

Mama Mdogo alikuwa ameinamisha kichwa. "Kwa hiyo miaka yote hii," akasema polepole, "mimi ndiye niliyekuwa namlisha."

"Mama, wewe ulimlisha chakula," akajibu daktari. "Hilo jingine hata sisi madaktari wengi hatukuwa tunaliwaza."

Tulipofika nyumbani Mama Mdogo akatoa makopo yote ya chakula kabatini, akayajaza vifungo, misumari na mbegu za mchicha. Chakula kikaanza kwenda kibandani kwenye bakuli la chuma lililofungwa kitambaa. Kwenye sukari palikuwa na vita. Mjomba alikubali kijiko kimoja kwa uso wa mtu aliyefiwa, na kwa muda tukadhani mambo yanakwenda vizuri, mpaka Mama Mdogo alipopita kwenye duka la vipuri vya baiskeli kuomba uzi akamkuta mumewe nyuma ya matairi, na kikombe cha chai, na bakuli la sukari pembeni. Kwa hiyo siri ilikuwapo, na aliyeitafuta aliipata, ila haikuwa ya chupa. Muuza vipuri aliapishwa palepale asimpe tena hata punje.

Kazi ndiyo hakukubali kuiacha. "Sukari ni kitu ninachokula," aliniambia. "Kazi hii ndiyo mimi mwenyewe." Alichofanya ni kusogeza jiko mlangoni, moshi utoke nje. Akaona ametii.

Mlangoni ndipo Mama Mdogo alipokaa.

Nilikuwapo siku ile, nimepeleka bakuli kwa sababu Mama Mdogo mikono ilikuwa imejaa. Mjomba alikuwa anaunga dumu, na dumu lina moshi mzito kuliko vyote. Upepo ukageuka. Moshi ukaenda moja kwa moja usoni kwa Mama Mdogo, ambaye alikuwa katikati ya habari ya harusi iliyovunjika. Hakulalamika. Akafumba macho, akapunga kwa ungo, akasubiri, akafumbua, akaendelea pale alipoachia: "Basi, mama wa bwana harusi akasema..."

Mjomba hakusema "enhe". Alikuwa amesimama na chuma hewani, anamtazama. Lazima alikuwa ameliona jambo lile siku zote tangu walipooana. Sidhani kama aliwahi kulitazama.

"Bibie, hamia kule uani kwa muuza vipuri."

"Kule hutanisikia."

"Nitakusikia."

"Na mimi sitakuona ukinisikia."

Akamwangalia tena. Kisha akachukua chuma kile, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kikalia tsss kwa muda. Dumu likabaki na ufa wake nusu umeungwa, na mwenye dumu akarudishiwa hivyohivyo siku ya pili na maneno ya samahani.

Sasa akawa yeye ndiye mwenye kung'ang'ania hospitali. Mama Mdogo alikataa, akasema hana uzito wala tofali. Mjomba akashika tumbo, akakunja uso, akaomba asindikizwe. Mama Mdogo hakudanganyika hata kidogo, maana mbinu ilikuwa yake mwenyewe, lakini alikwenda, labda kwa sababu alivutiwa na uigizaji. Daktari wa maini akampima. Vipimo vya ini kwenye damu ya Mama Mdogo navyo vilikuwa vimepanda kidogo, si sana. Mwanamke mwembamba kama yule, anayekunywa chai isiyo na sukari.

"Basi ni moshi," akasema Mjomba.

"Watu wawili si utafiti, mzee. Huenda kuna sababu nyingine kabisa. Tutaangalia tena."

"Sawa, daktari. Lakini mimi sitafuti utafiti. Natafuta kuishi na huyu."

Daktari akamwandikia Mama Mdogo tarehe ya kurudi, na nikaona anaandika polepole kuliko kawaida.

Jiko likazimwa. Mjomba akajaribu kuunga bila moto. Alinunua bolti, nati, washa za mpira za kuzuia maji, na mabati laini, akaazima drili ya mkono kwa muuza vipuri. Mwanzo ulikuwa wa aibu. Mpishi wa shule alileta ndoo, ikafungwa kiraka cha bati kwa bolti sita kwa umaridadi mkubwa, na baada ya muda mfupi mpishi akarudi ameloa kuanzia kiunoni.

"Kiraka," akasema, "nilileta ndoo. Umenipa bomba la mvua."

Mjomba akaomba radhi, akatangaza kwamba vitu vya maji hazibi tena. Wateja wengi wakaenda kwingine. Kulikuwa na kipindi kigumu, na mama yangu alipita mara kwa mara na mfuko wa unga akidai ameununua kwa makosa. Mjomba alikaa kibandani akiangalia rundo lake la koo bila kuligusa. Alikonda, na haikuwa kwa sababu ya kutembea tu.

Aliyembadilisha ni mwalimu wa darasa la tatu. Alikuja mchana mmoja, akasimama mlangoni, akasalimia, akazungukazunguka kwa maneno ya heshima, na mwishowe akasema walimu wamemtuma kumjulia hali. "Tuliona siku hizi tunafungua madirisha," akasema. "Tukasema labda mzee anaumwa, au amehama."

Mjomba akamwuliza madirisha gani. Kumbe madirisha ya upande ule wa ukuta, ya madarasa mawili, yalikuwa yakifungwa kila asubuhi miaka nenda miaka rudi. Watoto waliokwishakuwa wazazi walisoma na madirisha yamefungwa.

"Mbona hamkuniambia?"

Mwalimu akatazama viatu vyake. "Ulikuwa unatutengenezea viti, mzee. Na ulikuwa unatusalimia vizuri. Tuliona haya."

Alipoondoka, Mjomba akakaa kwenye kigoda cha mkewe. Mama Mdogo, aliyekuwa amesimama na bakuli, akaliweka chini. Akamwekea mkono shingoni.

Asubuhi yake Mjomba akavaa shati safi, akaenda shuleni kwa mlango wa mbele, akamwomba mwalimu mkuu radhi. Mwalimu mkuu hakujua afanye nini na radhi ile. Alikuwa mtu mwenye haya. Akasema si kitu, si kitu, akatafuta cha kusema, kisha akakumbuka kwamba stoo imejaa viti vilivyovunjika, na kama mzee ana nafasi, aviangalie.

Viti ndivyo vilivyofaa. Kiti hakihitaji kushika maji, kinahitaji kushika mtoto. Mjomba alikata miguu ya mbao, akaipachika kwa bolti na mabati, akasugua kila ncha kwa tupa mpaka isichane sketi. Vilitoka vibaya sana kwa sura, mguu mmoja mwekundu, mmoja wa mbao, mgongo una mabati kama askari aliyerudi vitani, lakini ungeweza kusimama juu yavyo na kucheza. Watoto waligombea kuvikalia. Baada ya shule wakaja wenye hoteli ndogo, baada yao kumbi za sherehe. Rundo la plastiki likabaki baridi, likitoa kipande hapa na pale cha kufungwa kwa bolti, na kibanda kikaanza kunuka mbao.

Waliporudi hospitali vipimo vya damu vya Mama Mdogo vilikuwa vimetulia. Vya Mjomba vilishuka vizuri, ingawa mafuta yalikuwapo bado, kidogo.

"Nimefurahi," akasema daktari.

"Ni moshi au ni sukari?"

"Mzee, umeacha vyote kwa pamoja. Umenivurugia mahesabu." Akacheka. "Endelea kunivurugia."

Kopo aliposikia habari hizi alisikitika kwa dhati kumpoteza mwenzake. Bado anakunywa, na daktari wake wa kazini amebadilisha usemi wake tangu wakati ule, lakini hilo yeye halipendi kulizungumza.

Kutembea ndiko kunakompa Mjomba shida mpaka leo. Mtu wa kazi hajui kutembea bila kwenda mahali. Jioni, kazi ikiisha, wanafunga kibanda wanashika njia ya juu, Mama Mdogo mbele, Mjomba nyuma na mfuko wa nyundo begani ili aonekane ameitwa kwenye kazi. Watu wakiuliza wanakwenda wapi, yeye hukohoa, na Mama Mdogo hujibu kwamba wanatembeza maini.

Nilikwenda nao wiki iliyopita. Nilidhani nitawasindikiza wazee, niende taratibu kwa ajili yao. Kwenye kilima nikaanza kuhema. Walikuwa mbele yangu wanabishana kama wageukie kwenye kituo cha mafuta au wafike darajani, na Mama Mdogo alikuwa anasema darajani kuna upepo, na Mjomba anasema upepo upo kila mahali. Wakageuka, wakaniona nimeshika magoti.

"Huyu naye tumpeleke kupimwa," akasema Mama Mdogo.

"Mwache apumue kwanza," akasema Mjomba, akashusha mfuko wake wa nyundo chini, akaniwekea nikalie.